Inchi Tatu za Kalvati

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama yangu alikuwa akisema kwamba hata uji wangu ulipoa upesi kwa kuniogopa. Ninalisema hilo mapema ili msomaji asinionee huruma kupita kiasi, maana nusu ya mateso ya juma ninalotaka kulisimulia nilijiletea mwenyewe kwa mdomo wangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwishoni mwishoni, hali ya hatari ikiwa imeanza kulegea ingawa pasi bado ziliulizwa njiani. Nilikuwa nimemaliza shule na kuandikwa katika ofisi ya ujenzi mjini Nakuru, kwa cheo cha Kiingereza kirefu ambacho maana yake ilikuwa mtu wa kubeba darubini ya kupimia ardhi na kujifunza bila maswali mengi. Baba yangu alikuwa amekuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, akafariki mimi nikiwa mdogo. Tulibaki mimi na mama katika chumba kimoja cha lokesheni, mtaa uliotengewa Waafrika. Mama alifua nguo za watu, na kwa hizo nguo nilisoma.

Sasa, lokesheni yetu ilikuwa na bomba la maji machafu lililozikwa wakati mji wenyewe ulikuwa stesheni na maduka machache. Lilikuwa bomba la udongo wa kuchoma, na ardhi ya Nakuru haina urafiki na vitu vya aina hiyo. Udongo wetu ni majivu ya volkano ya Menengai tu. Jua likiwaka unapeperuka, mvua ikinyesha unapasuka na kudidimia. Bomba lilikuwa limekatika mahali pengi. Kila masika, maji yaliyomwagwa kwenye karo la uani yalikwenda hatua chache, yakafikiria, yakarudi na ndugu zao. Mama aliweka matofali chini ya miguu ya kitanda na ubao wa kukanyagia mlangoni. Sitasema zaidi kuhusu harufu. Waliokaa pale wanajua, na wasiokaa hawataamini.

Injinia wa mji alikuwa Mzungu mrefu, mkavu, aliyekaribia kustaafu. Alikuja siku moja kukagua bomba lile, akapita juu ya ubao wa mama kwa miguu yake mwenyewe, akavua kofia kumsalimu. Tangu siku hiyo mama hakukubali asemwe vibaya nyumbani mwetu. Kazini alinifundisha kwa miaka miwili kama mtu anayefundisha ng'ombe wa kulima: hakupiga kelele, wala hakurudia jambo mara tatu. Mwaka ule alikuwa ametafuta nafasi moja katika chuo cha ufundi Nairobi, ili Mwafrika akasomee uinjinia wa ujenzi. Wakubwa wenzake walimwuliza ya nini. Karani aliyekuwapo alinisimulia kwamba alijibu mabomba ya mji yameoza yote kwa pamoja, na Wazungu wa kuyabadilisha hawaoti kama uyoga.

Nafasi hiyo ingekuwa yangu akiandika barua ya kunisimamia. Na aliniambia wazi sharti lake. Nipime peke yangu mstari wa bomba jipya, kutoka lokesheni hadi kule chini karibu na ziwa, na mstari ufunge. Ukifunga, anatia sahihi. Usipofunga, basi, kwa maana Ijumaa ya juma hilo hilo alikuwa akisafiri kwenda kwao kwa likizo ya miezi sita, na chuo hakingengoja.

Nieleze kidogo maana ya kufunga. Unaanza mahali ambapo kimo chake kinajulikana, unashuka hadi mwisho wa safari yako, kisha unarudi hadi pale pale ulipoanzia. Ukifika, hesabu inapaswa kukuambia kwamba hukupanda wala hukushuka. Ikikuambia umepanda nusu inchi, unasamehewa. Ikikuambia zaidi ya hapo, kuna mahali ulidanganywa. Kazi yenyewe ni ya watu wawili. Mmoja ana darubini ya miguu mitatu, mwingine ana fimbo ndefu yenye namba, na sheria yao ni moja: mmoja akitembea, mwingine asimame. Wa darubini akihama, wa fimbo habanduki alipo, hata nyuki wamvamie, mpaka asomwe tena kutoka upande wa pili.

Mshika fimbo wangu alikuwa mzee wa makamo kutoka magharibi pia, mtu wa rika la baba yangu. Alikuwa ameshika fimbo tangu mimi nikiwa navaa kaptula. Alikuwa mpole, nadhifu, na fimbo yake ilisimama wima kuliko nguzo za simu. Aliniita kijana, nami nilimwita mzee, na kwa kawaida tulielewana kwa ishara za mikono tu.

Tulipima siku ya Jumatano. Upepo ulikuwa unatoka ziwani na vumbi la magadi, macho yakiwasha, na malori ya jeshi kutoka kambi ya Lanet yalipita mara kwa mara yakitufukuza pembeni. Lakini kazi ilikwenda vizuri. Tuliteremka, tukafika chini mahali ambapo ardhi ni tambarare kama meza, tukarudi. Jioni niliketi mezani kwa mama, nikawasha taa ya mafuta, nikapiga hesabu nikiimba. Nilipofika mstari wa mwisho niliacha kuimba. Kitabu kilisema nimerudi inchi tatu chini ya mahali nilipoanzia.

Nilirudia hesabu. Inchi tatu. Nikarudia kwa kuanzia chini kwenda juu. Inchi tatu. Mama aliuliza kama nitakula, nikamjibu kwa ukali ambao naukumbuka kwa aibu hadi leo. Nililaumu malori ya Lanet, nikalaumu magadi machoni, nikalaumu ardhi yenyewe. Kisha nikamlaumu mzee, na hapo nikatulia, kwa sababu ni raha sana kuwa na mtu wa kumlaumu.

Inchi tatu si kitu kwenye mlima. Juu kule karibu na Menengai ungeweza kukosea futi nzima na maji yangeshuka tu. Lakini kule chini kwenye tambarare, mteremko wote tuliokuwa nao ulikuwa wa inchi chache. Ukikosa tatu, bomba linakuwa na mteremko kwenye karatasi peke yake, na maji hayasomi karatasi.

Nilijua hivyo. Hata hivyo nilichukua karatasi safi. Nikanakili namba zote kwa mwandiko mzuri, na kila baada ya namba kadhaa nikapunguza kidogo hapa, nikaongeza kidogo pale, kama mpishi anayeokoa mchuzi uliozidi chumvi. Nilipomaliza, mstari ulifunga. Ulifunga vizuri mno, karibu na ziro. Niliikunja karatasi ile nikaitia katika mfuko wa shati, nikajiambia kwamba wengine wote hufanya hivi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Usiku ule ilionekana ndefu ya kutosha kunifikisha Nairobi.

Asubuhi ya Alhamisi nilifika kazini mapema. Injinia alikuwa bado hajaingia. Mzee alikuwa ameketi uani kwenye boriti, anachonga vigingi, na wafanyakazi wengine wamemzunguka wakinywa chai ya mkebe. Nilikuwa na karatasi mfukoni na ningeweza kunyamaza. Lakini nilipomwona ametulia vile, hasira ilinipanda. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba ameniharibia maisha. Nilisema fimbo si mkongojo wa kuchezea. Nilisema mengine ambayo kijana hamwambii mtu wa rika la baba yake, na wale waliokuwa wakinywa chai wakaangalia chini. Mzee aliendelea kuchonga kigingi mpaka kikapata ncha.

Niliingia ofisini nikakaa. Baada ya muda nikamwona mlangoni. Alikuwa amevaa koti lake na fimbo iko begani.

"Kijana," akasema, "chukua darubini. Twende kwa kalvati."

Nilimwuliza kalvati gani na ya nini. Alikuwa ameshaanza kutembea. Kuna njia ya kutembea ya wazee ambayo huwezi kubishana nayo, unaifuata tu. Nilibeba darubini nikamfuata hadi nje ya lokesheni, yeye mbele mimi nyuma, mpaka tukafika kwenye kalvati moja ya mawe ambapo barabara inavuka mtaro. Tulikuwa tumepita hapo jana yake wakati wa kuteremka. Kalvati ile ilikuwa na ukuta mfupi wa mawe kila upande, mrefu hatua saba au nane, juu yake umelainishwa na makalio ya watu wanaopumzika.

Mzee alisimama kwenye ncha moja ya ukuta, akanionyesha alama ya chaki juu ya jiwe. Ilikuwa chaki yake mwenyewe.

"Hapa ndipo uliniacha," akasema. Kisha akatembea hadi ncha ya pili ya ukuta ule ule. "Na hapa ndipo ulinikuta."

Sikuelewa kwa haraka. Kisha nikaelewa. Jana nilimsoma akiwa kwenye ncha ya kwanza. Nikabeba darubini begani, nikampa mgongo, nikashuka kutafuta mahali pa kusimama. Nilipomaliza kuisimamisha na kutazama nyuma, fimbo ilikuwa pale juu ya ukuta, imesimama wima kama kawaida, nami nikaisoma. Mtu aliyeshika fimbo miaka mingi kuliko meno yangu alikuwa amebanduka.

Nilimwuliza kwa nini. Aliangalia upande wa mtaro, hakunitazama.

"Kulikuwa na mama anakuja," akasema. "Ule aliyemzaa mama ya watoto wangu."

Mimi ni mtoto wa lokesheni. Mambo ya kwetu magharibi niliyasikia kwa mama akiyasimulia huku anapiga pasi, na mengi niliyachukua kama hadithi. Lakini hilo nililijua. Mkwe wa kiume hakutani uso kwa uso na mama aliyemzalia mke. Akimwona njiani anatoka njiani, anajificha kichakani au popote, mpaka apite. Si uadui, ni heshima, na huvunji heshima ya namna hiyo kwa sababu ya fimbo ya serikali. Mzee alikuwa amemwona mama mkwe wake akija juu ya barabara ile na karai la mboga. Alishuka mtaroni pamoja na fimbo. Na yule mama naye, kwa kuwa heshima hiyo ni ya pande zote mbili, alikuwa amemwona, akaingia nyuma ya ua wa kayaba, akasimama humo katikati ya miiba akingoja yeye apite. Kwa hiyo walikuwa wamejificha wote wawili, kila mmoja akimngoja mwenzake, na mimi huku chini nasimamisha darubini nikipiga mluzi.

Mzee alijua nitatazama wakati wowote. Hakuweza kurudi kwenye alama yake, maana ncha ile ilikuwa inatazamana na ua wa kayaba. Akapanda kwa ncha ya pili, akampa mama yule mgongo, akasimamisha fimbo.

"Nilisema kalvati ni moja," akaniambia. "Ukuta ni mmoja. Fundi aliujenga na pima maji. Nikasema, huku na kule ni sawa."

Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Nilisimamisha darubini mahali ambapo ncha zote mbili zilionekana. Mzee aliweka fimbo kwenye alama ya chaki, nikasoma. Akaenda ncha ya pili, nikasoma tena. Nilitoa namba moja kutoka kwa nyingine. Ukuta uliojengwa sawasawa na fundi fulani, zamani, ulikuwa umedidimia upande mmoja kwa majivu yetu ya Nakuru, polepole, bila kupasuka, bila mtu kuona. Ulikuwa umezama inchi tatu.

Niliketi juu ya kalvati. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na kwa muda sikujua kama ni kicheko. Sijawahi, kabla wala baada, kupenda namba yoyote kama nilivyoipenda ile. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Macho yangu yalikuwa sahihi. Ulimwengu ulikuwa na inchi tatu na nilikuwa nimezikalia. Mzee hakucheka. Alingoja nimalize, kisha akaniomba jambo moja: habari za mama yule zisiandikwe katika kitabu cha ofisi, wala Mzungu asizisikie, kwa sababu kumtaja mama mkwe ovyo mbele za watu ni mbaya kuliko kukutana naye. Nilimwahidi. Nikamwomba radhi kwa maneno ya asubuhi. Alisema hasira hasara, na kwamba tuna kazi ya kurudia.

Tulirudia kuanzia kwenye alama ya chaki, tukashuka hadi ziwani, tukapanda. Safari hii kila nilipohama nilitembea kinyumenyume kama mtu anayemuaga chifu, nisimpe mgongo. Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Jua lilikuwa linaelekea milima ya Mau tulipomaliza, na pale pale barabarani, kitabu juu ya goti, nilipiga hesabu. Mstari ulifunga kwa unywele. Kwenye ukurasa wa Jumatano nilichora mstari mmoja, nikaandika chini yake: fimbo ilihama, kosa ni la mpimaji, hakutazama nyuma. Na ndivyo ilivyokuwa. Mpimaji ndiye mwenye wajibu wa kutazama.

Ijumaa asubuhi injinia alikuwa na masanduku yake tayari mlangoni mwa ofisi. Aliniambia kwamba alinitarajia jana. Nilimpa kitabu. Alikisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata namba, akafika kwenye ule mstari nilioukata. Aliuliza nani alihamisha fimbo. Nilijibu kwamba mimi nilikuwa nimempa mgongo mshika fimbo. Alinitazama juu ya miwani, akaona hatapata zaidi, akageuza ukurasa. Alipofika mwisho akachukua kalamu ya barua.

Hapo nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Karatasi ile ilikuwa bado katika shati langu. Nilikuwa na mashati mawili tu, na mama alikuwa amefua lile lingine. Nilikuwa naisikia kifuani kila nilipopumua. Nilimfikiria mzee akitembea kutoka ncha moja ya kalvati hadi nyingine, mtu mzima, kunionyesha aibu yake. Nikaitoa, nikaikunjua mezani, nikasema kwamba hii ndiyo niliyokuwa nimletee jana.

Aliisoma muda mrefu kuliko alivyosoma kitabu. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga, na nje dereva wake alikuwa amewasha gari. Nilijiona tayari nikirudi kubeba darubini ya mtu mwingine maisha yangu yote.

"Umeifanya vizuri," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Ungeniletea hii jana, ningetia sahihi kabla chai yangu haijapoa."

Nilikuwa nimetarajia aniambie kwamba angenigundua. Nilikuwa nategemea hilo, nadhani. Aliikunja karatasi akanirudishia.

"Mimi ningekuwa kwetu," akaendelea. "Wewe ungekuwa Nairobi. Mama yako ndiye angebaki hapa."

Kisha akaandika barua. Aliandika bila haraka, akapuliza wino, akaweka sahihi, akanipa mkono. Nilitoka nje nikiwa nimeshika barua kwa mikono miwili. Mzee alikuwa uani na vigingi vyake. Nilimwonyesha sahihi kwa mbali, naye akainua panga lake kidogo, kama mtu anayesema sawa, akaendelea kuchonga. Nilifurahi, bila shaka nilifurahi, nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. Lakini ilinibidi niegemee ukuta mpaka gari la injinia lilipoondoka.

Ile karatasi niliitia motoni mwa mama siku hiyo hiyo. Aliuliza ni nini, nikamwambia yote, isipokuwa jina la mzee. Alichochea moto, akaniuliza kama sasa nitakula. Nilikula sahani mbili.

Bomba lilichimbwa mwaka uliofuata, mimi nikiwa chuoni Nairobi. Walichimba wengine kwa vipimo vyangu. Masika yalipoanza sikulala vizuri. Mwalimu alifundisha mambo ya mwendo wa maji kwenye mabomba, akichora ubaoni, nami nilikuwa nikiona ua wetu tu, na ubao wa mlangoni, na mama akiwa peke yake. Nilihesabu upya mstari ule kichwani mara nyingi. Niliuliza habari za mvua kwa kila mtu aliyetoka upande wa Nakuru, mpaka wenzangu wakadhani nina shamba la ngano.

Mama hakujua kuandika. Mwezi wa tano ilifika bahasha, mwandiko wa mtoto wa jirani, mkubwa mkubwa na wa kuinama. Niliifungua nikiwa nimesimama. Salamu hazikuwamo, wala habari za wagonjwa, wala za bei ya mkaa, ambazo mama hakosi kuzitaja. Ndani kulikuwa na maneno mawili: Maji yanaenda.

Nilikaa kwenye ngazi za bweni nikaisoma tena, ingawa hakukuwa na kingine cha kusoma.